Kutoka Meza ya Hadubini Hadi Ukumbi wa Kongamano: Mwongozo kwa Watafiti wa Thika na Ruiru

Ukifanya kazi na hadubini katika ukanda huu wa barabara ya Thika, una majirani wengi. Ruiru kuna Taasisi ya Utafiti wa Kahawa ya KALRO. Thika kuna taasisi ya KALRO ya kilimo cha bustani, Hospitali ya Level 5, Chuo Kikuu cha Mount Kenya na kampasi ya KMTC. Katikati, pale Juja, kuna JKUAT. Kila asubuhi katika maabara hizi mtu anainama kutazama makohozi, tone la damu, jani la kahawa au mzizi wa mparachichi. Mengi anayoyaona huishia kwenye daftari la maabara, hata yale ambayo wenzake wa Kisumu, Eldoret na Kilifi wangefaidika kuyajua.

Mwongozo huu ni wako wewe fundi wa maabara, mwanafunzi wa uzamili au afisa wa utafiti ambaye ameona jambo na angependa kulipeleka kwenye kongamano la kitaifa. Nafasi zipo. KEMRI huandaa kongamano lake la sayansi na afya, linalojulikana kwa kifupi KASH. Vyuo vikuu huwa na makongamano yao, na vyama vya wataalamu wa maabara vina mikutano yao. Ninachotaka ushike tangu sasa ni hiki: picha ya hadubini ni ushahidi, na nguvu ya ushahidi huo huamuliwa kwenye meza yako, miezi kadhaa kabla hujaandika neno lolote kwa waandaaji.

Anza na swali, picha ifuate

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Ugonjwa ambao wakulima wa Kiambu huuita CBD, na wenzao wa Tanzania huuita chulebuni, uliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922. Unashambulia buni ikiwa bado kijani: doa jeusi lililobonyea hujitokeza, linapanuka, na buni inakauka au kudondoka. Kuvu anayeuleta anaitwa Colletotrichum kahawae, jina alilopewa rasmi mwaka 1993. Ilichukua miaka mingi kiasi hicho kwa sababu matawi na buni za kahawa hukaliwa pia na ndugu zake wa jenasi hiyo hiyo ambao hawaleti ugonjwa huu. Spora zao zinafanana mno. Ukiziweka chini ya lenzi ya x40, jicho peke yake halitakuambia yupi ni yupi.

Sasa fikiria umepiga picha nzuri ya spora kutoka kwenye buni ya shamba la Gatundu, ukaipeleka ukumbini na kuandika chini yake, “Hiki ndicho kimelea cha CBD.” Mtu wa Ruiru akiwa amekaa safu ya pili atanyoosha mkono na kuuliza umejuaje. Ikiwa jibu lako ni kwamba ulimtambua kwa umbo la spora, hoja yako imeishia hapo.

Kwa hiyo panga kazi upya kabla ya kugusa kamera. Kata kipande kidogo pale doa linapokutana na sehemu nzima ya buni, kisafishe kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa, kisuuze kwa maji safi yaliyotakaswa kwa joto, kisha ukioteshe kwenye agari. Andika kasi ya kukua na rangi ya kuvu. Halafu rudisha kuvu huyo kwenye buni kijani zisizo na ugonjwa, pamoja na buni nyingine ulizozitonea maji matupu ya kulinganisha, uone ni zipi zinatoa doa. Njia nyingine ni kupima kwenye miche michanga. Van der Vossen na wenzake waliieleza njia hiyo mwaka 1976 wakiwa kituoni Ruiru, na ilisaidia kuchambua maelfu ya miche katika kazi iliyozaa Ruiru 11, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985. Ukiwa na hatua hizo zote, picha yako ya spora itasimama, kwa kuwa imezungukwa na ushahidi mwingine.

Kutu ya majani ya kahawa ni kinyume chake. Spora za Hemileia vastatrix zina urefu wa takriban maikromita 30, zimepinda kama kipande cha chungwa, mgongo una vinundu na tumbo ni laini. Ni vigumu kuzichanganya na kitu kingine kwenye jani la kahawa. Futa unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, weka kwenye tone la maji, funika kwa kioo chembamba, na x40 inatosha kumtambua. Swali zuri hapa litakuwa lingine: ugonjwa umefika urefu gani wa milima, katika mwezi gani, kwenye aina ipi ya kahawa. Jiulize basi kama swali lako linajibiwa na umbo, na idadi, au na mabadiliko ya muda. Kila moja linadai picha za namna yake.

Kuipiga picha yenyewe

Usisubiri kamera ya gharama. Simu yenye kamera nzuri, ikishikiliwa na kishikizo imara juu ya lenzi ya jicho, inatoa picha inayofaa kongamano. Ila usiishike kwa mkono. Mkono hutetemeka na pembe hubadilika kila mara.

Panga mwanga kwanza. Mwaka 1893 August Köhler alieleza namna ya kuelekeza taa ili uwanja wote uangazwe sawasawa, na mpaka leo hiyo ndiyo hatua inayorukwa zaidi katika maabara zetu. Kama hadubini yako ina dayaframu ya uwanja, ifunge mpaka uone duara dogo la mwanga, pandisha au shusha kondensa hadi ukingo wa duara uwe mkali, lete duara katikati, kisha lifungue mpaka liguse ukingo wa uwanja. Halafu rekebisha dayaframu ya kondensa hadi utofauti uonekane vizuri bila vitu kuzungukwa na pete nyeusi. Ni kazi ya dakika mbili. Picha iliyopigwa bila hatua hii huwa na upande mmoja wenye kivuli, na hakuna programu ya kompyuta itakayokiondoa kwa uaminifu.

Soma namba zilizochorwa ubavuni mwa lenzi. 40/0.65 maana yake ni ukuzaji wa mara 40 na uwezo wa kukusanya mwanga wa 0.65. Namba ya pili ndiyo inayoamua utaona nini. Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba mwanga wenyewe unaweka mpaka: kwa mwanga wa kijani, lenzi hiyo haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya takriban maikromita 0.4. Lenzi ya mafuta ya 100/1.25 hufika karibu na 0.2. Simu ya megapikseli 48 haivuki mpaka huo hata kidogo. Ukivuta picha kwa kidole kwenye kioo cha simu, unakuza ukungu tu. Bakteria wa kifua kikuu ana upana usiozidi nusu maikromita, ndiyo maana tunamtafuta kwa lenzi ya mafuta. Vimelea vya malaria ndani ya chembe nyekundu ya maikromita 7 hadi 8 vinataka lenzi hiyo hiyo.

Kwenye simu, zima vichungi vya urembo na vya usiku, funga mwangaza na rangi nyeupe visibadilike vyenyewe, na usitumie zumu. Ikiwa utalinganisha slaidi mbili, zipige siku moja, kwa taa ile ile na mipangilio ile ile. Ukibadilisha mwanga kati ya slaidi ya mgonjwa na ile ya kulinganisha, tofauti utakayoionyesha huenda ni ya balbu.

Mstari wa kipimo

Hapa ndipo ninapokaa zaidi, kwa sababu ni kosa jepesi kulirekebisha na bado linarudiwa. Usiandike “x1000” chini ya picha. Ukiichapa kwenye bango la karatasi ya A0, ukaitupa ukutani kwa projekta, au mwenzako akaitazama kwenye simu, ukuzaji huo hauna maana tena. Mstari wa kipimo hukua na kupungua pamoja na picha, kwa hiyo unabaki kweli popote.

Utahitaji slaidi ya kupimia: kioo chenye mstari wa milimita 1 uliogawanywa mara 100, kila kigawanyo kikiwa maikromita 10. Kama idara yako haina, azima. Jirani wa Juja au Ruiru anaweza kuwa nayo, na inahitajika kwa saa moja tu. Ipige picha kwa kila lenzi, kamera ikiwa pale pale itakapokuwa wakati wa kazi. Halafu fungua picha hizo kwenye ImageJ au Fiji, programu zinazopatikana bure. Chora mstari juu ya vigawanyo kumi. Tuseme umepata pikseli 800 kwa maikromita 100. Basi kila maikromita ni pikseli 8, na mstari wa maikromita 20 utakuwa pikseli 160. Hifadhi hesabu hiyo kwa kila lenzi kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na hadubini, pamoja na tarehe. Ukibadilisha simu, kishikizo au lenzi ya jicho, rudia.

Kuhariri bila kuharibu

Hifadhi picha ya asili isiyoguswa. Nakili, kisha fanya kazi kwenye nakala. Ukiweza, hifadhi kwa muundo wa TIFF, maana JPEG hupoteza habari kila inapohifadhiwa upya. Na usiipitishe picha ya kazi kwenye WhatsApp, ambayo huibana. Jina la faili libebe tarehe, namba ya slaidi, lenzi na rangi uliyotumia. “Picha nzuri mpya 2” haitakusaidia mwakani.

Kuongeza mwangaza wa picha nzima kunaruhusiwa, mradi ufanye hivyo kwa picha zote unazozilinganisha na uliseme jambo hilo. Kufuta chembe ya uchafu, kunakili seli kutoka upande huu na kuibandika upande ule, au kuongeza ukali wa sehemu moja tu, ni kughushi. Uchafu wa rangi kwenye slaidi uache ulivyo na uueleze. Mtazamaji mzoefu ana imani zaidi na picha yenye kasoro iliyotajwa kuliko ile iliyong'arishwa kupita kiasi.

Na picha moja haibebi dai. Kwa kifua kikuu, fundi hupitia nyanja 100 kabla ya kusema slaidi ni hasi. Kwa malaria huhesabu vimelea dhidi ya chembe nyeupe 200 au 500. Wewe pia sema umetazama slaidi ngapi, kutoka kwa wagonjwa au miti mingapi, nyanja ngapi kila slaidi, na nani alihesabu. Kama watu wawili walihesabu bila kujua slaidi ni ya nani, litaje hilo kwa fahari.

Ruhusa

Slaidi ya mgonjwa ni sehemu ya mgonjwa. Kabla hujaitumia kwa utafiti, pata kibali cha kamati ya maadili, leseni ya utafiti ya NACOSTI na ridhaa ya hospitali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu moja kwa moja: jina, namba ya maabara na kila kitu kitakachomtambulisha mtu viondoke kwenye picha, pamoja na ile lebo iliyoandikwa kwa penseli ukingoni mwa slaidi ambayo watu huisahau. Anza mapema, kamati hazikutani kila wiki.

Kwa mkulima, omba ruhusa ya kutaja shamba lake. Jina la shamba likitangazwa pamoja na ugonjwa, mnunuzi anaweza kusikia kabla ya mwenye shamba kuelezwa. Ukiona kimelea ambacho hakijawahi kuripotiwa nchini, KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, wapate habari kwanza, ukumbi baadaye. Tena usibebe kuvu hai ndani ya mkoba kwenye matatu kwenda kumwonyesha mtu. Kuhamisha vimelea hai kuna taratibu zake. Picha na slaidi zilizofungwa zinatosha mazungumzo ya kongamano.

Ikisiri na bango

Waandaaji wengi hutaka ikisiri ya maneno 250 hadi 300, kwa Kiingereza. Ushauri wangu ni uiandike kwanza kwa lugha unayoifikiria, Kiswahili au Kikuyu, kana kwamba unamweleza shangazi yako mwenye mashina ya kahawa pale Githunguri. Swali lilikuwa nini, ulifanya nini, ulihesabu nini, ukapata ngapi, na kwa hiyo nini kibadilike. Ukishapata sentensi tano zinazoeleweka, zihamishie Kiingereza. Matokeo yawe namba. Kuandika kwamba matokeo yatajadiliwa ukumbini ni kumwambia mhakiki kwamba kazi haijaisha.

Ukipewa bango, shukuru. Vijana wengi hulitamani jukwaa, lakini kwa kazi ya hadubini bango ni bora: mtu anasogea, anakaza macho, anakaa na wewe dakika kumi, na swali lake ni la kweli. Karatasi ya A0 ina milimita 841 kwa 1189. Picha ya upana wa sentimita 20, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli takriban 2,400 kwa upana. Ukiwa na 1,200 bado itasomeka kwa hatua moja, si karibu zaidi. Weka picha tatu au nne kubwa badala ya kumi na mbili ndogo. Kila moja iwe na mstari wa kipimo, jina la rangi iliyotumika, na mshale pale unapotaka jicho liende. Kama unaonyesha rangi mbili za mng'ao kwa pamoja, epuka nyekundu na kijani, kwani wapo wasiozitofautisha. Zambarau na kijani zinaonekana na karibu kila mtu. Kabla ya kuchapa bango zima, mwombe mchapaji akutolee kipande cha ukubwa wa A4 chenye picha moja, ukitazame kwenye mwanga wa mchana, maana waridi ya Ziehl-Neelsen na zambarau ya Giemsa hubadilika kirahisi kwenye wino.

Siku yenyewe

Kama kongamano liko Nairobi, matatu za 237 kutoka Thika na 145 kutoka Ruiru zitakufikisha mjini, lakini barabara hujaa asubuhi na mapema, hasa kuanzia Githurai hadi Pangani. Lala mjini ukiweza. Bango libebwe ndani ya bomba lenye kifuniko, na picha za asili ziwe kwenye flashi.

Simama kando ya bango lako, usilizibe. Andaa majibu ya maswali matatu yatakayokuja kwa hakika: umejuaje ni kimelea hicho, ulilinganisha na nini, na kwa nini hukutumia njia ya vinasaba. Kwa hilo la mwisho usijitetee. Eleza hadubini yako ilijibu nini, na nini kilibaki kwa PCR kujibu.

Kisha uende kwa wenzako na swali lako mwenyewe mkononi. Kuna mambo ambayo mwanga hautakuonyesha, na watu wa kukusaidia hawako mbali. Kenya ina historia ndefu katika kazi ya hadubini ya elektroni. Miaka ya 1980 Don Fawcett, aliyekuwa amestaafu kutoka Harvard na mmoja wa mabingwa wa dunia wa picha za seli, alifanya kazi ya hadubini ya elektroni pale ILRAD, Kabete, taasisi iliyokuja kuwa sehemu ya ILRI. Alichunguza tezi za mate za kupe na kimelea cha Theileria parva kinacholeta ndigana kali kwa ng'ombe. Icipe nayo, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, iko Kasarani, kando ya barabara hiyo hiyo unayopita kila siku. Muulize mtu wa taasisi kama hizo vitu mahususi: sampuli ihifadhiwe kwenye dawa gani tangu shambani, kwa muda gani, na gharama ni kiasi gani kwa sampuli. Sampuli iliyowekwa kwenye fomalini ya kawaida ya hospitali mara nyingi haifai tena kwa kazi nzuri ya elektroni, kwa hiyo jibu hilo unalihitaji kabla ya kukusanya. Uliza pia kuhusu Africa Microscopy Initiative, yenye kituo chake Chuo Kikuu cha Cape Town, ambayo hupokea maombi ya watafiti kutoka nchi za Afrika.

Wauzaji wa vifaa watakuwepo na meza zao. Wasikilize, halafu waulize nani atakuja kuirekebisha hadubini Thika ikiharibika, balbu inauzwa wapi, na lenzi ikiota ukungu wakati wa mvua ndefu wanafanya nini. Muuzaji asiye na jibu la maswali hayo anakuuzia sanduku.

Wiki inayofuata

Tuma picha ulizoahidi ndani ya siku saba, zikiwa na mistari ya kipimo. Andika kila swali lililokushinda, na kando yake jaribio litakalolijibu. Slaidi zilizopigwa picha zifungwe kwenye sanduku lenye orodha, mbali na jua, kwa sababu rangi hufifia na mhakiki wa jarida anaweza kuziomba mwaka kesho. Mwombe mkuu wa maabara nusu saa ya mkutano wa asubuhi uwaeleze wenzako ulichojifunza, na upeleke matokeo kwa chama cha ushirika au kliniki ulikotoa sampuli, kwa maneno yao. Kama wewe ni mtaalamu wa maabara ya tiba, cheti cha kuhudhuria kiweke pamoja na kumbukumbu zako za mafunzo endelevu. Utakihitaji unapohuisha leseni yako.